Kwenda Lemera na Moyo Usiofunga Mlango

Tangu nirudi, kila anayekuja barazani kwangu kuchukua nguo anasahau nguo na kudai habari. Nimesimulia kwa majirani, nimesimulia kwa wanakwaya, nimesimulia hata kwa mtu aliyesimama kuuliza njia tu. Pumzi yangu siku hizi ni ya kutumia kwa adabu, na sitaki kuimaliza kwa kurudia maneno yale yale. Kwa hiyo nimesogeza cherehani pembeni na kuandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitampa daftari hili.

Habari za vibali na mihuri naziruka. Mnajua wenyewe mwaka huu wa uasi, wa nne tangu uhuru, ulivyo: kila anayejua kuandika jina lake ana muhuri.

Mulongwe, mtaa wetu wa Uvira, kabla ya kuondoka

Mimi ni mshonaji, na ugonjwa wangu niliujua kwa utepe. Kiuno kiliongezeka vidole viwili, kisha vinne, kisha vinane, wakati mikono na mashavu vilikuwa vinakonda. Jioni miguu ilivimba, na nikiibonyeza, shimo la kidole linabaki pale pale. Kutoka mtoni hadi nyumbani na ndoo nilikuwa napumzika mara tatu, mimi niliyekuwa napita njia hiyo nikiimba. Na shingoni, upande wa kulia, mshipa ulianza kurukaruka mchana kutwa.

Mshipa huo uliniletea ugomvi wa bure. Kwetu mtu anayerukwa na mshipa wa shingo ana hasira anayoificha. Mume wangu, kabla hajavuka mpaka kwenda Usumbura kutafuta kazi na vita kumfungia huko, aliniuliza kila siku amenikosea nini. Nikimjibu kwamba sina hasira, anautazama mshipa na kutikisa kichwa. Mwishowe nikakasirika kweli, akasema, "Si unaona."

Mama mkwe yeye alikuwa na jibu lake. Kwa mama mkwe tumbo likikua ni mjukuu, hakuna mjadala. Alishachagua jina, jina la marehemu mumewe, na alishapasua kitenge chake kizuri kutengeneza nguo za kumbebea mtoto. Sikuwa na mimba. Hilo nililijua mimi mwenyewe, na hesabu yake siiandiki hapa.

Enfirmiye, yule muuguzi wa dispensari, aliniwekea mipira yake ya kusikilizia kifuani, akasikiliza, akahama upande, akasikiliza tena. Nilikuwa nimezoea kuona anasikiliza watu kwa haraka. Alipovua mipira alisema ugonjwa uko moyoni, hawezi kuumaliza yeye, niende Lemera kwenye hospitali ya misioni, na niende upesi. Akaongeza sharti moja: chumvi nisiguse, hata punje, kwa sababu chumvi inavuta maji, na maji yangu yalikuwa yameshakuwa mengi.

"Minye sitaki kukuogopesha," akasema. "Lakini maji ikizidi, itakuzamisha hapa hapa nchi kavu."

Alikuwa amekwisha kuniogopesha. Nina watoto wawili, na yule mkubwa ana miaka saba. Nililia nikiwa nafunga kanga, kisha nikaacha kulia kwa sababu kulia nako kunataka pumzi.

Watoto nikawaacha kwa dada yangu. Mama mkwe akasema atanisindikiza, maana mjukuu wake hawezi kusafiri na mtu asiyejua kitu. Akabeba sufuria, mikeka miwili, nguo za mtoto, na mfuko wa chumvi uliojaa. Chumvi ilikuwa bado inapatikana kwetu bandarini kwa kubahatisha, lakini milimani, tulivyosikia, watu walikuwa wanakula mboga baridi, zisizo na chumvi, kwa mwezi wa pili. Mama mkwe hafiki kwa watu mikono mitupu. Basi mgonjwa aliyekatazwa chumvi akaondoka Uvira akiwa amekalia mfuko wa chumvi.

Hadi Sange na lori la Ramazani

Ramazani ni dereva anayejulikana barabara nzima ya uwanda kwa sababu mbili: lori lake halijawahi kuachwa njiani, na halijawahi kufika kwa saa. Tuliondoka asubuhi. Pale Kavimvira alisimama kupakia mihogo. Kwenye mashamba ya miwa ya Kiliba alisimama kununua miwa, akaitafuna yote palepale akiwa ameegemea mlango, huku sisi juu ya mihogo tunamtazama. Baadaye gurudumu likapasuka, akalitia kiraka, likapasuka tena pembeni ya kiraka.

Mara hiyo ya pili tuliketi kivulini mwa lori hadi mchana ukapita. Mwanamke wa nyumba iliyokuwa karibu alituhurumia, akatuletea bugali wa muhogo na sahani ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa kwa nyanya. Harufu ile naikumbuka hadi leo. Nilikula bugali mkavu, kipande baada ya kipande, na ndagala sikuwagusa.

Mwenye chakula alinitazama muda mrefu. "Weye unaona chakula yangu iko muchafu?"

"Hapana, mama. Iko na chumvi."

"Njo, iko na chumvi. Ulitaka nikuwekee nini, majivu?"

Mama mkwe akaingilia kwa sauti ya furaha. "Umusamehe, mama. Mukamwana wangu iko na mimba, anachagua chagua."

Uso wa mwanamke yule ukabadilika mara moja. Akanipongeza, akamwita dada yake aje anipongeze, na Ramazani akatoka chini ya lori na mikono yake ya grisi akanipongeza pia. Wakaanza kubishana kama ni mvulana au msichana. Mimi nikamalizia bugali wangu. Ndagala waliliwa na mama mkwe, kwa niaba ya mtoto.

Kizuizi baada ya Sange

Tulilala Sange. Siku ya pili, tulipoupita mji huo, tulikuta gogo limelazwa barabarani. Vijana kumi hivi walitoka majanini. Walikuwa wamefunga majani mikononi, na mkubwa wao alikuwa na ukanda wa ngozi ya mnyama kichwani. Wenziwe walimwita Komanda. Nadhani umri wake haukufika miaka ishirini na mitano.

Mnajua habari za vijana hao. Kabla ya kwenda vitani wananyunyiziwa maji ya dawa, wenyewe wanasema mayi, ili risasi ikiwafikia igeuke maji. Lakini mayi ina masharti yake: usiguse mwanamke, usiibe, usile hiki, usipikiwe na huyu. Mwenye kuvunja sharti, dawa inamtoka na risasi inabaki risasi.

Walipekua mihogo ya Ramazani, kisha wakaufikia mfuko wetu.

"Iko nini mu ile mufuko?" akauliza Komanda.

"Iko chumvi, mutoto yangu," akajibu mama mkwe.

Neno hilo lilipita kati yao, na wote wakasogea. Kumbe nao walikuwa wiki nyingi hawajaonja chumvi. Kijana mmoja alishachovya kidole, Komanda akampiga mkono. "Kwanza mwenye chumvi akule."

Alichota chumvi akaiweka juu ya jani la mgomba, chungu ya kujaza kiganja, akalisukuma jani mbele yangu kwa kijiti asije akanigusa. "Kula."

Ninyi mnaonijua mnajua sijanyimwa ulimi. Siku ile ulikauka. Nikaona mambo mawili kwa pamoja: chumvi ile nikiila yote, maji yatanimaliza kabla sijafika mlimani, na nisipoila, nitamalizwa na hawa.

"Minye sikule chumvi," nikasema.

Hapakuwa na aliyecheka. "Unachukua mufuko muzima ya chumvi, na weye haukule?" Komanda akawageukia wenziwe. "Munaona? Hii njo karuho."

Karuho ni ile sumu ya polepole ambayo kwetu kila mtu anashuku jirani yake anaificha. Vijana wakarudi nyuma kutoka kwenye mfuko, na yule aliyechovya kidole akaanza kukipangusa kwenye majani. Mmoja alishika bunduki yake vizuri. Ramazani, ambaye tangu asubuhi alikuwa akituita mama zangu, akatangaza kwamba hana habari nasi, alituokota tu barabarani.

Mama mkwe alisogea mbele. Aliinama, akachukua jani, akaijaza chumvi ile yote kinywani. Alitafuna. Macho yalimtoka, machozi yakamshuka, akameza, akabaki anakohoa huku ameshika magoti.

"Mama muzee anaweza kuwa amekunywa dawa ya kuzuia," akasema Komanda. "Ninataka ile mungine akule."

Hapo mama mkwe akapata sauti, ya kukwaruza, lakini ilisikika. "Hawezi kukula. Iko na masharti. Muganga alimukataza chumvi juu ya mayi iko mu tumbo yake."

Alimaanisha maji ya ugonjwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikubali kwamba tumboni kuna maji, na nadhani alilisema kwa sababu ya woga. Lakini Komanda alisikia neno lingine kabisa. Alinitazama tumbo, akarudi hatua moja.

"Mayi ya nani?"

"Ya muganga," nikasema. Ulimi ulikuwa umerudi. "Ninaenda kumuona Lemera."

"Na ukikula chumvi?"

"Yote inaharibika. Ninakufa."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua vizuri. Akawageukia wenziwe. "Siye banatunyunyizia tu. Huyu bamemujaza."

Naapa hatukusema uongo hata neno moja. Vijana wale walinizunguka kwa mbali, wakinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata hata kanisani siku ya harusi yangu. Mmoja aliuliza kama risasi ikinipiga nitalowa. Mwingine alitaka kujua nimebeba kwa muda gani, nikamwambia miezi mitano, akapiga mluzi.

Komanda akaketi juu ya gogo, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mtoto wa mtu. Alitaka kujua kama masharti yangu ni magumu. Nikamwambia ukweli: jana nimekaa mbele ya ndagala wa nyanya na kula bugali mkavu. Akafumba macho.

"Minye balinikataza majani ya muhogo," akasema. "Sombe ya mama yangu, na mafuta nyekundu ya ngazi. Miezi mitatu sasa."

"Pole," nikamwambia.

"Na weye pole."

Tuliwaachia vikombe vitatu vya chumvi, kwa hiari ya mama mkwe, na Komanda alikataa kuchukua zaidi, akisema mali ya mwenye masharti haiguswi ovyo. Gogo likaondolewa. Vijana wawili wakapanda mbele kwa Ramazani kututangulia kwenye vizuizi vingine, na kila tulipofika walipaza sauti kwamba lori limebeba mayi kubwa, watu wakae mbali. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Ramazani alifika Bwegera kabla ya saa aliyoahidi. Alishuka akatuita mama zangu tena.

Kupanda

Kutoka Bwegera tuliiacha barabara ya uwanda inayoendelea Luvungi na Kamanyola, tukageukia milima. Lori halikuweza kwenda zaidi, na mimi kwa miguu nisingemaliza hata kilima cha kwanza. Wanaume wanne wa kijijini wakanibeba kwa kipoyi, kiti kilichofungwa kwenye miti miwili, kile walichobebewa wazungu zamani. Nilikaa humo nikiona aibu. Mbebaji wa mbele kushoto, mzee mfupi mwenye maneno mengi, alisema babu yake alimbeba msimamizi Mbelgiji njia hii hii, na kwamba msimamizi alikuwa mwepesi kuliko mimi.

"Huu ni uhuru," nikamjibu. "Uhuru una uzito."

Walicheka hadi wakanishusha chini.

Njia ilikuwa nyembamba, imepita katikati ya mihogo, kisha maharagwe, kisha migomba na ukungu. Mvua ilitukamata mara mbili. Kwenye nyumba tuliyojikinga walitupa viazi vitamu na maziwa mgando, na kwa mara ya kwanza safarini nilikula sawa na wengine, kwa sababu chumvi hawakuwa nayo. Mama mkwe alipompimia mwenye nyumba vikombe viwili kutoka kwenye mfuko, mwanamke yule aliipokea kwa mikono yote miwili na kuketi nayo. Akalamba kidogo tu, akafunga iliyobaki kwenye pembe ya kitambaa, akasema wanawe wataamini ni Noeli.

Kwenye kijito kimoja wabebaji walikwenda kunywa maji, tukabaki wawili. Mama mkwe aliuweka mfuko chini. Alikuja akaweka kiganja tumboni mwangu. Hakukiondoa. Nikaelewa kwamba anangoja mtu apige teke.

Tulikaa hivyo hadi wabebaji wakarudi. Hakuna aliyepiga.

"Minye nilijua," akasema, akakunja upya nguo za mtoto ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia.

Lemera

Daktari hakuwepo. Alikuwa ameondoka kwa ajili ya vita, na hakuna aliyejua kama atarudi. Niliposikia hivyo nilikaa chini kwenye veranda, mvua inanichuruzika, nikaona nimebebwa mlima mzima kuja kuambiwa kwaheri.

Aliyebaki na wagonjwa alikuwa enfirmiye mzee aitwaye Enoki, aliyefanya kazi na daktari huyo miaka mingi. Hakunigusa kwanza. Alisimama pembeni, akaitazama shingo yangu kwa utulivu, kisha akaweka mkono upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu, akabonyeza taratibu. Nilihisi mshipa wa shingo unapanda hadi sikioni.

"Hii mushipa inaruka tangu lini?"

"Iko na hasira tangu zamani," akajibu mama mkwe kabla yangu.

"Haiko hasira, mama. Iko damu inarudi." Akaweka mipira kifuani, akaniambia nivute pumzi, akasikiliza, nitoe, akasikiliza. Kisha akauliza swali lililonishangaza: utotoni niliwahi kuumwa magoti?

Niliwahi. Nilikuwa na miaka kama tisa. Koo liliuma kwanza, baadaye goti likavimba, likapona, likavimba la pili, kisha kiwiko. Mama yangu alinibeba mgongoni wiki nzima. Enoki alisema ndiyo hiyo. Koo lilipona na magoti yakapona, lakini moto ule ulipita moyoni na kuacha makovu kwenye mlango, na makovu yalikuwa yanakaza kidogo kidogo miaka yote hii ninayoshona nguo za watu.

"Mulango ya moyo yako haifunge muzuri," akasema.

Mama mkwe akapiga makofi. "Hiyo ninaijua. Nilishamuambia. Huyu moyo yake iko wazi sana, kila muntu anaingia. Anashonea bantu bure."

Enoki alijaribu kueleza, mama mkwe akazidi kukubaliana naye. Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Enoki akarudi na moyo wa mbuzi umefungwa kwenye jani, akauweka juu ya meza na kuupasua kwa makini upande wa juu. Akatuonyesha: moyo una vyumba, na kati ya vyumba iko milango, si ya mbao, ni ya ngozi nyembamba. Upande wa kulia, ule unaopokea damu iliyochoka kutoka mwilini kote, mlango wake una majani matatu yaliyofungwa kwa nyuzi. Mimi nyuzi zile nilizipenda, zilikuwa nyeupe na nyembamba kuliko uzi wowote ninaoshonea.

Akamimina maji kwa mpira uliochomekwa chumba cha chini. Majani matatu yakapanda, yakakutana katikati, yakafunga. Hakuna tone lililopita. Kisha akashika jani moja kwa koleo ndogo, akalivuta pembeni, akamimina tena. Maji yakarudi juu yote, yakamwagikia meza na kitambaa cha mama mkwe.

"Njo hivi," akasema. "Moyo inasukuma damu iende ku mapafu, lakini sehemu inarudi nyuma. Inarudi ku shingo, mushipa inaruka. Inarudi ku maini, maini inavimba. Maji inakosa njia, inashuka mu tumbo na mu miguu."

Mama mkwe aliomba amimine tena, na tena. Mara ya nne alimimina mwenyewe. Kisha akaketi akiutazama mlango wa mbuzi. Jioni aliupika moyo ule kwa nyanya na pilipili bila chumvi, maana alisema masomo hayatupwi, na tukaula.

Matibabu yenyewe hayana fahari ya kusimulia. Walinitoboa tumbo kwa sindano nene, maji ya rangi ya chai nyepesi yakatoka kwenye mpira, polepole, kwa siku mbili, karibu ndoo nzima. Nguo za mtoto ndizo zilizonipangusa, mama mkwe alizitoa mwenyewe. Nikapewa vidonge vidogo vya kuutuliza moyo upige kwa mpango, ambavyo Enoki alisema vimetokana na ua, na sindano za kukojoza. Hizo za kukojoza sizisahau. Baridi ya Lemera inauma, choo kiko ng'ambo ya uwanja, na mimi nilikuwa nalijua kila jiwe la njia hiyo. Pia sindano ya penisilini, ambayo lazima niirudie kila mwezi, ili koo lisiwashe moto ule mara ya pili.

Wiki ya tatu utepe ulisema nimezidi vidole viwili tu. Nilitembea hadi mwisho wa uwanja bila kusimama. Nikamwuliza Enoki kama nimepona.

Alikuwa mtu asiyedanganya. Alisema dawa haishoni mlango. Inapunguza maji, inaupumzisha moyo, na nikishika masharti naweza kukaa miaka, ngapi hajui. Kuhusu kuushona mlango wenyewe, daktari alimsimulia kwamba huko Ulaya wameanza kupasua vifua vya watu hai, mashine inashika kazi ya moyo wakati wao wanatengeneza milango. Baadhi wanaamka, baadhi hawaamki. Na kwetu haijafika.

Nilimshukuru. Siku ile sikuimba hata wimbo mmoja.

Kushuka

Safari hii niliteremka kwa miguu yangu sehemu kubwa, na kipoyi kikabaki kwa ajili ya vilima vibaya tu. Yule mzee mfupi alilalamika kwamba uhuru umepungua uzito. Asubuhi ya kuondoka mama mkwe alichelewa, alibaki ndani na Enoki kwa muda mrefu, akatoka akisema alikuwa anamuaga.

Gogo la baada ya Sange lilikuwepo bado, lakini Komanda alikuwa amehamishiwa mstari wa mbele wa vita, na vijana walikuwa wachache. Mmoja alinitambua. Alinitazama tumbo lililosinyaa, akashangaa.

"Mayi iko wapi?"

"Imetoka," nikamwambia.

Alivua kofia yake. Alinipa pole ya kweli, ya msiba, akaniuliza kama ni chumvi. Sikuwa na moyo wa kumweleza. Akatuondolea gogo peke yake.

Ramazani alitupakia juu ya mihogo kama kawaida. Tulipoikaribia Kiliba nilimwuliza mama mkwe alichozungumza na Enoki muda wote ule. Akasema si kitu. Nikamwuliza tena. Akatazama upande wa ziwa, akavuta kitambaa kichwani.

"Nilimuuliza kama kule Ulaya banaweza kutoa mulango ya muntu mumoja, baiweke mu muntu mungine."

"Juu ya nini, mama?"

"Nilimupa kifua anisikilize na ile mipira. Akasema yangu inafunga muzuri." Alisema kwa kukereka, kana kwamba ninamchelewesha kazi. "Minye nilishamaliza kulea. Weye uko na batoto."

Nikamwuliza Enoki alimjibu nini.

"Alisema haiwezekani. Nikamuambia aandike jina yangu mu kitabu yake, siku itawezekana basinitafute mbali, niko Mulongwe. Alikatala. Nikaketi. Akaandika."

"Mama."

"Aliandika. Minye sijui kusoma, lakini nilimuomba anionyeshe, na nikaona hapa ameandika."

Niliweka kichwa changu begani pake, kitu ambacho mkamwana hafanyi kwa mama mkwe wake mbele ya watu, na yeye hakukisukuma hadi tukafika nyumbani.